Siku za Kalenda na Saa za Kujifunza: Mhadhara kuhusu Urefu wa Mwaka wa Masomo katika Shule za Msingi za Tanzania

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa taifa yasiyoridhisha, hurejea pia pendekezo la kurefusha mwaka wa masomo, na pendekezo hilo huwa na mvuto wa jambo lililo dhahiri, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma baada ya kukaa shuleni siku kadhaa anadhaniwa kuwa angejua kama angeongezewa siku. Wanaolitoa ni wazazi, walimu na viongozi wanaowatakia watoto mema, na kwa sababu hiyo linastahili kupimwa kwa makini badala ya kukubaliwa au kukataliwa kwa haraka. Mhadhara huu unalipima kwa kuitazama shule ya msingi ya Tanzania, na msimamo wake ni kwamba muda una thamani kubwa katika elimu, ila muda unaokosekana zaidi nchini umo ndani ya siku ambazo tayari zimepangwa, na kuurudisha huo ni wajibu unaotangulia kupunguza likizo.

Mwaka wa masomo wa Tanzania Bara huanza Januari na kumalizika Desemba, nao umegawanywa katika mihula miwili yenye jumla ya siku 194 za masomo, pamoja na likizo ndefu mbili, ya Juni na ya Desemba, na mapumziko mafupi katikati ya kila muhula. Idadi hiyo ikilinganishwa na ya nchi nyingine haionekani kuwa ndogo. Shule za umma katika majimbo mengi ya Marekani hufundisha siku 180 hivi, na shule za Finland, nchi ambayo watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na umri wa miaka 7, hufundisha siku takribani 190. Japani, ambayo kwa muda mrefu ilitajwa kuwa mfano wa mwaka mrefu wa masomo kwa sababu watoto wake walisoma hata Jumamosi, iliondoa masomo ya Jumamosi katika shule za umma kabisa mwaka 2002. Marekani nako tume ya kitaifa iliyotoa taarifa mashuhuri ya mwaka 1983 kuhusu hali ya elimu ilishauri mwaka uongezwe hadi siku 200 au hata 220, na baada ya miongo minne majimbo mengi yamebaki palepale yalipokuwa. Kwa hiyo urefu wa kalenda peke yake hauelezi kwa nini watoto wa nchi moja wanajifunza kuliko wa nchi nyingine.

Ili suala hili lieleweke, inafaa kutenganisha aina tatu za muda ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Aina ya kwanza ni muda wa kalenda, yaani siku na saa ambazo serikali imeamuru shule iwe wazi. Aina ya pili ni muda wa kufundishwa, yaani sehemu ya muda wa kalenda ambayo mwalimu yumo darasani na anafundisha. Aina ya tatu ni muda wa kujifunza, yaani ile sehemu ya muda wa kufundishwa ambayo mtoto mwenyewe yupo, ameshiba kiasi cha kuweza kusikiliza, anaielewa lugha inayotumika, na anashughulika na jambo lililo katika kiwango chake. Mwanasaikolojia wa Marekani John Carroll, katika makala yake ya mwaka 1963 kuhusu ujifunzaji wa shuleni, alieleza kwamba kiasi cha kujifunza kinategemea uwiano kati ya muda ambao mtoto kweli anautumia katika jambo fulani na muda anaouhitaji ili alimudu, na kwamba muda huo wa pili hutofautiana kati ya mtoto na mtoto na huongezeka pale mafundisho yanapokuwa hafifu. Kurefusha mwaka kunagusa aina ya kwanza ya muda moja kwa moja. Aina ya pili na ya tatu hunufaika tu ikiwa mambo mengine mengi yamekaa sawa.

Ni lazima hata hivyo ikubaliwe kwamba ushahidi wa faida ya muda upo, tena umetokana na matukio ambayo hayakupangwa na watafiti. Katika miaka ya 1966 na 1967 majimbo mengi ya Ujerumani Magharibi yalihamisha mwanzo wa mwaka wa masomo kutoka majira ya kuchipua hadi majira ya mpukutiko, na ili kuyafikia majira hayo mapya yaliendesha miaka miwili mifupi ya masomo yenye wiki 24 kila mmoja, badala ya wiki 37 za kawaida. Mchumi Jörn-Steffen Pischke alipochunguza athari za tukio hilo alikuta kwamba watoto waliopitia miaka hiyo mifupi walikariri darasa kwa wingi zaidi, na wachache zaidi walipanda kwenda shule za sekondari za ngazi ya juu, ingawa walipokuwa watu wazima mishahara yao haikuwa chini ya ile ya wenzao. Indonesia ilifanya kinyume chake. Ilipohamisha mwanzo wa mwaka wa masomo kutoka Januari hadi Julai, iliurefusha mwaka wa 1978 kwa miezi sita, na utafiti wa Rasyad Parinduri ulionyesha kwamba waliopata mwaka huo mrefu walipungukiwa na uwezekano wa kukariri darasa, walisoma hadi ngazi za juu zaidi, na baadaye walipata ujira mkubwa zaidi.

Matukio hayo mawili yana jambo ambalo wapenda mwaka mrefu hulipita upesi. Katika nchi zote mbili mtaala, yaani jumla ya maarifa na stadi ambazo mtoto anapaswa kufundishwa, ulibaki uleule huku muda ukibadilika, na kilichopungua Ujerumani na kuongezeka Indonesia kilikuwa muda uliotengewa kila mada. Nchi inayotaka faida kama ile ya Indonesia ina njia mbili za kuifikia, ya kwanza ikiwa ni kuongeza siku na mada zikabaki zilezile, na ya pili ikiwa ni kupunguza mada na siku zikabaki zilezile. Njia ya pili haihitaji mishahara ya ziada, haigusi likizo ya mtu, na, kama itakavyoonekana, Tanzania imeshaijaribu. Ikumbukwe pia kwamba Victor Lavy, aliyelinganisha matokeo ya mtihani wa kimataifa wa mwaka 2006 wa wanafunzi wenye umri wa miaka 15, alithibitisha kuwa saa za ziada za kufundishwa huinua matokeo, lakini akaona kwamba katika nchi zinazoendelea faida ya saa hiyohiyo ni ndogo zaidi kuliko katika nchi tajiri. Saa inabeba kile tu kinachofanyika ndani yake.

Kinachofanyika ndani ya saa za shule ya msingi ya Tanzania kilipimwa katika tathmini ya utoaji wa huduma iliyofanywa mwaka 2014 chini ya mpango wa Benki ya Dunia, ambapo watafiti walizitembelea shule bila taarifa na kuangalia nani yupo na anafanya nini. Walikuta kwamba takribani asilimia 14 ya walimu hawakuwapo shuleni, na kwamba walimu ambao hawakuwapo darasani wakati wa kipindi walikaribia asilimia 47. Muda uliopangwa kwa siku ulikuwa saa 5 na dakika 54. Muda ambao mwanafunzi alifundishwa kweli ulikuwa saa 2 na dakika 46. Tathmini kama hiyo ya mwaka 2010 ilikuwa imeonyesha hali mbaya zaidi, hivyo kulikuwa na maendeleo, lakini bado zaidi ya nusu ya muda wa kalenda ulipotea kabla haujamfikia mtoto.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa takwimu hizo. Siku 194 zenye saa 5 na dakika 54 kila moja ni sawa na saa 1,145 hivi kwa mwaka, ilhali siku hizohizo zenye saa 2 na dakika 46 za kufundishwa ni saa 537 tu. Serikali ikiongeza siku 20, ambalo lingekuwa badiliko kubwa kwa kila familia nchini, na mwenendo wa darasani ukabaki kama ulivyopimwa, mtoto atapata saa 55 za ziada. Lakini muda wa kufundishwa ukiinuliwa kutoka saa 2 na dakika 46 hadi saa 3 na nusu kwa siku, kiwango ambacho bado kiko mbali na kile kilichopangwa, mtoto atapata saa 142 za ziada bila kuongezwa siku hata moja, na saa hizo ni sawa na kurefusha mwaka kwa siku 51. Mjadala wa kalenda unaoendeshwa bila hesabu hii mezani unaongozwa na kile kinachoonekana kwa urahisi, kwa sababu tarehe ya kufunga shule huandikwa kwenye waraka na kusomwa na kila mtu, ilhali kipindi cha hisabati ambacho hakikufundishwa siku ya Jumanne hakiandikwi popote.

Takwimu za walimu kutokuwapo darasani zimewahi kutumiwa kuwasuta walimu, na huko ni kuzisoma vibaya. Pengo kubwa kati ya asilimia 14 na asilimia 47 linamaanisha kwamba wengi wa waliokosekana darasani walikuwa ndani ya eneo la shule, na sababu za kuwa nje ya darasa zinajulikana na kila aliyewahi kuishi karibu na shule ya kijijini. Mwalimu anasahihisha madaftari ya watoto zaidi ya 100 wa darasa moja, anajaza fomu za takwimu zinazodaiwa na ofisi ya kata na ya halmashauri, anaandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, anapokea wageni wa kampeni za afya na za kilimo, anakaimu nafasi ya mwalimu mkuu aliyeitwa kwenye kikao, na mwisho wa mwezi anasafiri kufuata mshahara au huduma mjini. Baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016 madarasa ya kwanza yalifurika, na shule nyingi zililazimika kuendesha mikondo miwili kwa zamu, wa asubuhi na wa mchana, kwa walimu walewale na vyumba vilevile. Kumwongezea mwalimu huyo siku 20 bila kumpunguzia chochote ni kumwomba azigawe nguvu zake kwa siku nyingi zaidi, na tabia ya binadamu aliyechoka inajulikana.

Tanzania imewahi kupitia funzo la namna hii. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliazimia kila mtoto wa umri wa shule awe ameandikishwa ifikapo 1977, lengo adhimu ambalo lilifungulia mlango mamilioni ya watoto ambao wasingepata kalamu maishani mwao, na ambalo heshima yake haipungui kwa kusema ukweli kwamba idadi ya wanafunzi iliongezeka kwa kasi kuliko walimu, vitabu na madawati, hata ubora wa mafunzo ukashuka kwa miaka mingi iliyofuata. Kuongeza kiasi bila kuongeza kinachokijaza kiasi hicho ni kosa ambalo nchi hii haina sababu ya kulirudia.

Gharama nazo zina uzito. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kikigawanywa kwa siku 194 ni takribani shilingi 52 kwa siku, nacho kikigawanywa kwa siku 214 kinashuka hadi shilingi 47. Chaki, karatasi, maji na matengenezo havitapungua bei kwa kuwa kalenda imerefuka. Mwalimu ni mtumishi wa umma mwenye haki ya likizo ya mwaka ya siku 28, ambayo kwa desturi huichukua shule zinapofungwa, na muda huohuo ndio ambao angehudhuria mafunzo kazini. Chakula cha mchana, ambacho katika shule nyingi hutegemea michango ya wazazi ya mahindi na maharage, kitahitajika kwa siku zaidi, na pale kisipopatikana vipindi vya mchana vitafundishwa kwa watoto wenye njaa, muda ambao katika mgawanyo ulioelezwa hapo juu hauhesabiki kuwa wa kujifunza.

Kuna pia maisha ya mtoto nje ya shule, ambayo waraka wa mwaka 1967 wa Julius Nyerere kuhusu Elimu ya Kujitegemea uliyapa uzito kwa kusisitiza kwamba shule isimtenge mtoto na kazi na jamii iliyomzaa. Likizo ya Juni inaangukia wakati wa mavuno katika mikoa mingi inayolima kwa mvua za masika, na mtoto anayewasaidia wazazi wake kuvuna hajapoteza muda, mradi kazi hiyo haizidi umri wake. Kisiwani Pemba msimu wa kuchuma karafuu huwavuta watoto mashambani bila kujali kalenda inasema nini, na katika wilaya za wafugaji kuhama kwa mifugo wakati wa kiangazi hufanya vivyo hivyo. Katika mwambao na visiwani, mtoto anayetoka shule huenda chuoni kusoma Kurani, na siku zake hugawanywa kati ya walimu wawili ambao wote wanaheshimiwa na wazazi. Badiliko lolote la saa au siku za shule linaingia katika makubaliano hayo ya siku nyingi. Kalenda ndefu isiyozingatia misimu hiyo itaongeza siku za utoro, yaani siku ambazo shule iko wazi na mtoto hayupo, na watoto watakaokosekana watakuwa hasa wa familia maskini, ambao pendekezo lenyewe lilikusudiwa kuwasaidia.

Upo upande mmoja wa hoja ya mwaka mrefu ambao una nguvu ya kweli, nao unahusu kusahau. Mtoto asiye na kitabu nyumbani hutoka likizo akiwa amepoteza sehemu ya alichojifunza, na mwenzake aliyelipiwa tuisheni, yaani masomo ya ziada ya kulipia, hurudi akiwa ametangulia. Wasomi wa Marekani bado hawajaafikiana kuhusu ukubwa wa hasara hiyo katika likizo yao ya miezi miwili hadi mitatu, na likizo za Tanzania ni fupi kuliko hiyo. Kufungwa kwa shule wakati wa janga la UVIKO-19 hakuwezi kutumika kama kipimo, kwa kuwa Uganda ilifunga shule kuanzia Machi 2020 na kuzifungua kikamilifu Januari 2022, kipindi ambacho hakilinganishwi na mapumziko ya wiki nne. Tofauti kati ya mwenye tuisheni na asiye nayo, hata hivyo, ni halisi. Kenya iliikabili kwa sheria, ambapo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo na kuweka adhabu kwa wanaoyaendesha, lakini mahitaji ya wazazi hayakuondoka kwa kupigwa marufuku, na masomo hayo yaliendelea kwa majina mengine. Nchini Tanzania kambi za kitaaluma za madarasa ya mtihani, ambamo watoto hubakia shuleni wakati wa likizo kujiandaa kwa mtihani wa taifa, ni aina ya mwaka mrefu ambao tayari upo, na kasoro yake kubwa ni kwamba unawapa muda wa ziada watoto walio mwishoni mwa safari, wakati aliyekosa kusoma tangu darasa la pili amekwisha kuachwa nyuma miaka mitano.

Ushahidi ulio karibu zaidi na mtoto wa Kitanzania unatoka katika mageuzi ya mtaala ya mwaka 2015, ambayo yalipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili na kuelekeza sehemu kubwa ya vipindi katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kalenda haikuguswa. Isaac Mbiti na Daniel Rodriguez-Segura walipoyachunguza mageuzi hayo walikuta kwamba ujuzi wa watoto katika Kiswahili na hisabati ulipanda. Utafiti mwingine, uliofanywa mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 na kuhusisha shirika la Twaweza, ulionyesha kwamba kuzipa shule fedha peke yake hakukuinua ujuzi wa watoto, na kwamba faida kubwa ilionekana pale fedha zilipoambatana na motisha kwa mwalimu kulingana na kile ambacho wanafunzi wake walijifunza. Katika kila mfano, kilichobadilika ni matumizi ya muda uliopo.

Muda wa ziada una mahali pake, nao ni mahali mahususi. Katika jimbo la Bihar nchini India kambi za likizo za mwezi mmoja za mwaka 2008, zilizoendeshwa na walimu wa serikali wenyewe kwa watoto walioshindwa kusoma, ziliwainua watoto hao, hasa kwa sababu waliwekwa katika makundi kulingana na kiwango chao badala ya umri wao, na kufundishwa jambo moja hadi walimudu. Kambi za namna hiyo zinaweza kufanyika katika likizo ya Juni kwa watoto wa darasa la pili hadi la nne ambao hawajamudu KKK, zikawa za hiari, zikazingatia msimu wa eneo husika, walimu wakalipwa posho yake, na wazazi wasidaiwe mchango wowote. Huo ni mwaka mrefu kwa mtoto anayeuhitaji, na gharama yake ni sehemu ndogo ya kurefusha mwaka kwa watoto wote.

Suala hili limepata uharaka mpya kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na kuifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mtoto atakayeingia sekondari baada ya miaka 6, akakutana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, hana mwaka wa akiba wa kufidia vipindi vilivyopotea. Kabla waraka wowote wa kuongeza siku haujatolewa, basi, kila shule na iandike kila wiki idadi ya vipindi vilivyopangwa na idadi ya vilivyofundishwa, takwimu hizo zibandikwe mahali ambapo wazazi wanaziona, na kamati ya shule na halmashauri zihoji kwanza sababu zinazomtoa mwalimu darasani na kuziondoa zile zilizo katika mamlaka yao, kuanzia fomu, vikao na safari za mshahara hadi upungufu wa walimu wa madarasa ya chini, ambao ndio unaohitaji bajeti kuliko siku za ziada.